Dianela bustanini: kuipanda na kuitunza kwenye udongo wa Melbourne

Ukipita mitaa ya Melbourne mwezi wa Juni unaweza kuipita dianela mara kumi usiione. Ni kichaka tu cha majani marefu membamba, kimejikalia pembeni mwa uzio au katikati ya barabara mbili. Rudi hapohapo Novemba: vikonyo vyembamba vimepanda juu ya majani, vimebeba maua madogo ya buluu yenye moyo wa manjano. Rudi tena Januari, na palipokuwa na maua pananing'inia matunda ya buluu iliyokolea, yanang'aa kama shanga zilizopakwa mafuta.

Waaustralia huiita "flax lily", jina linalounganisha kitani na yungiyungi. Si kitani, wala si yungiyungi. Majani yake yana nyuzi ngumu, na wenyeji wa asili wa bara hili wameyasokota kamba na kuyasuka vikapu tangu zamani. Jina la kisayansi, Dianella, limetokana na Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi. Mimi naiita dianela, basi.

Nimeandika haya kwa ajili ya ndugu zetu waliohamia huku, wenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba wasichojua wakifanyie nini. Jambo moja nalishikilia kuliko yote: kazi ya dianela iko kabla ya kupanda. Mmea huu hauuawi na shida. Unauawa na udongo usiopitisha maji, na majani mengine yanayouingilia mizizini, na huruma ya mtu mwenye ndoo ya maji kila jioni. Ukimaliza kazi ya ardhi, iliyobaki ni kuuacha uishi.

Kwanza, chagua dianela inayofaa mahali pako

Dianela ziko za aina nyingi, na aina tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi. Dianella revoluta ndiyo ngumu kuliko zote: majani yake ni ya kijani cha kijivujivu, kingo zimejikunja kuelekea nyuma, na vifuko vya chavua ndani ya ua ni vyeusi au vya kahawia iliyokolea. Hii iweke kwenye jua kali na ardhi kavu, haitakulalamikia. Dianella caerulea ni ya mashariki mwa Australia, kuanzia Queensland kushuka mpaka Victoria. Inakubali jua na inakubali kivuli cha nusu siku, na kwa kawaida majani yake hufika kati ya sentimita 50 na 75. Dianella tasmanica inatoka Tasmania na misitu yenye unyevu ya kusini mashariki. Majani yake ni mapana, yanaweza kufika mita moja, na inapenda kivuli. Kingo zake zina meno kama ya msumeno. Vaa glavu, maana jani lake likipita mkononi kwa kasi linaacha mstari wa damu.

Zipo pia zilizochaguliwa na wakuzaji kwa ajili ya bustani ndogo. 'Little Jess' na 'Cassa Blue' ni za D. caerulea, 'Little Rev' ni ya D. revoluta, na 'Tasred' ni ya D. tasmanica ambayo mashina yake huwa mekundu wakati wa baridi. Nzuri zote. Lakini ukipata kitalu kinachouza mimea ya asili ya eneo lako, nunua huko kwanza. Vitalu hivi viko sehemu nyingi za jiji, vingine vinaendeshwa na watu wanaojitolea, na mche mdogo ni dola chache tu. Mbegu zao zimekusanywa karibu na unapoishi, kwa hiyo mmea umeshauzoea udongo wako kabla hujaununua.

Dukani usichanganye dianela na lomandra, mmea mwingine wa majani marefu membamba, kwa sababu mara nyingi huwekwa meza moja. Shika jani la dianela karibu na chini: limekunjwa katikati, limelikumbatia jani linalofuata, na majani yote yamepangika pande mbili kama upepeo. Mgongoni mwa jani kuna ukingo unaousikia kwa kidole. Lomandra haina hilo, na ncha za majani yake mara nyingi zimechanika kama zilizotafunwa. Kuna pia mmea wa New Zealand uitwao Phormium, nao hupewa jina la kitani. Huo ni mkubwa mno, utaijaza bustani ndogo yote.

Neno moja kuhusu porini. Kaskazini mwa Melbourne, kwenye mabaki ya nyika za zamani, bado inaishi Dianella amoena, dianela fupi yenye mashina mekundu chini na maua yenye harufu nzuri. Sheria ya taifa inaitambua kuwa mmea ulio hatarini kutoweka. Nyumba mpya zinajengwa mpaka mlangoni pake. Ukiona dianela porini, hata ya aina ya kawaida, usiing'oe. Itazame, piga picha, kisha nenda kitaluni.

Pili, wakati na mahali

Panda kati ya mwisho wa Machi na Mei. Joto la kiangazi limeshapungua, udongo bado una uvuguvugu, na mvua za kipupwe zinakuja kukusaidia. Ndiyo, kipupwe cha huku ni Juni mpaka Agosti kama cha pwani kwetu, ila baridi yake ni ya kuvaa makoti mawili. Ukikosa nafasi hiyo, panda Septemba, lakini ujue utamwagilia kiangazi kizima.

Kuhusu jua, nusu siku inatosha kwa aina nyingi. Kwenye kivuli kizito dianela haifi, ila maua yatakuwa machache na matunda machache zaidi. Chini ya mkalitusi, ambako mimea mingi hushindwa na mizizi ya mti, dianela hukaa vizuri.

Tatu, ng'oa kikuyu

Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo dianela hufa au hupona.

Nyasi ngumu kuliko zote kwenye bustani za huku zinaitwa kikuyu. Zimepewa jina la Wakikuyu wa Kenya, kwa sababu kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zililetwa Australia mwanzoni mwa karne ya 20, zikafaa kwa malisho na viwanja. Mfugaji wa Limuru anazijua kwa wema wake. Mimi nilipohamia nyumba hii na kuziona zimepanda juu ya uzio kimo cha mtu, nilizitambua papo hapo, nikasimama nazo kidogo kabla sijachukua uma wa shamba.

Shida yake na dianela ni hii: kamba zake nyeupe hupita chini ya ardhi, zikaingia katikati ya kichaka cha dianela, zikachanganyika na mizizi yake. Zikishafika humo huwezi kuzitoa bila kung'oa kichaka chote. Kwa hiyo zitoke kabla.

Mwagilia eneo siku moja kabla ili udongo ulainike. Chimba kwa uma, usitumie beleshi, kwa maana beleshi linazikata kamba, na kila kipande chenye kifundo kitachipua. Inua bonge, likung'ute, kisha ifuate kamba kwa mkono mpaka inapoishia. Usiweke kwenye rundo la mboji. Tia kwenye pipa la taka za bustani. Ukimaliza, mwagilia eneo tupu na usubiri wiki tatu. Zitachipua zilizobaki. Zing'oe. Subiri tena wiki tatu. Duru ya pili ndiyo wengi wanairuka, nami niliiruka upande wa kaskazini wa nyumba. Leo mwaka wa sita bado nachambua kikuyu kutoka kwenye vichaka vile kwa vidole, jani kwa jani.

Mwenye subira anaweza kuanza Januari: funika eneo kwa plastiki nyeusi nzito, zika kingo zake, iache juani wiki nane, halafu chimba. Kazi itapungua sana.

Nne, jua udongo wako

Magharibi mwa Melbourne, ninakoishi, ardhi ni mfinyanzi mzito uliotokana na mawe ya volkano. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, kipupwe hunata kwenye kiatu kama unga wa ugali usioiva. Mashariki mwa jiji kuna mvua zaidi, na kando ya ghuba kuna kichanga. Dianela hukubali zote, ilimradi maji yasitulie kwenye mizizi.

Pima hivi. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Yakiisha ndani ya saa chache, panda bila wasiwasi. Yakiwa bado yapo kesho yake, inua ardhi: tengeneza tuta la sentimita 15 hadi 20 kwa udongo wako mwenyewe, upande juu yake.

Watu watakwambia utie jasi kwenye mfinyanzi. Inasaidia baadhi ya mifinyanzi, si yote, na kujua ni rahisi. Chukua kibonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya mahindi, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Baada ya saa kadhaa maji yakiwa na wingu la maziwa kukizunguka, jasi itakufaa. Tia kati ya nusu kilo na kilo moja kwa mita ya mraba na uichanganye na udongo wa juu. Maji yakibaki safi, okoa pesa yako.

Mwaka wa kwanza sikujua haya. Nilichimba mashimo makubwa kwenye mfinyanzi, nikajaza mboji na samadi ya kuku, nikapanda dianela saba nikiwa nimeridhika kabisa na kazi yangu. Ikaja mvua ya Julai. Udongo laini ndani, mfinyanzi pande zote: kila shimo likawa sufuria. Agosti nilishika upepeo mmoja wa majani uliokuwa umepauka, nikauvuta kidogo, ukaja wote mkononi bila ubishi, chini mweusi na mtelezi, unanuka mtaro. Sita kati ya saba zilienda hivyo. Ile ya saba ilikuwa mwisho wa safu, ambako mboji iliniishia na nikarudishia udongo uleule wa shimo.

Tangu siku ile narudishia udongo uleule. Mboji, ukiwa nayo, tandaza juu kidogo.

Tano, kupanda kwenyewe

Loweka mche na kikopo chake kwenye ndoo ya maji mpaka vipovu viache kutoka. Chimba shimo la kina kile kile cha kikopo na upana wake mara mbili. Kwenye mfinyanzi, kwaruza kuta za shimo kwa ncha ya uma, maana beleshi huacha ukuta laini kama chungu na mizizi huzunguka humo humo. Toa mche kwa kuuminya pande, ukiushika kwenye udongo wake. Usiuvute kwa majani. Mizizi ikiwa imejizungusha chini, ichambue kwa vidole.

Panda usawa ule ule uliokuwa kitaluni. Ukizika shingo ya mmea, inaoza. Rudisha udongo, bonyeza kwa viganja, mwagia lita mbili au tatu hata kama mawingu yametanda.

Umbali unategemea unachotaka. Ukitaka ardhi ifunikwe haraka, miche minne hadi sita kwa mita ya mraba. Ukitaka kila kichaka kionekane peke yake, acha sentimita 60, na kwa D. tasmanica mita nzima.

Tandaza matandazo ya vipande vya mbao, manene, kina cha sentimita 5 hadi 7, na uache nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Matandazo laini sana hushikana yakazuia mvua.

Wiki mbili za kwanza mwagilia kila baada ya siku tatu kama hakuna mvua. Kiangazi cha kwanza, mara moja kwa wiki, maji mengi kwa mkupuo mmoja, asubuhi. Kiangazi cha pili, wakati wa joto kali tu. Kuanzia wa tatu, mmea ulio kwenye udongo sahihi unajitegemea. Mbolea si lazima. Ukitaka kutia, tumia ile ya mimea ya asili ya Australia, yenye fosforasi kidogo na inayoyeyuka polepole, mara moja Septemba, kiasi kidogo kuliko pakiti inavyosema. Dianela iliyoshiba sana hutoa majani laini yanayolala, na maua hupungua.

Maua, na nyuki wake

Inama siku moja ya Novemba ulitazame ua kwa karibu. Petali sita zimejikunja nyuma, na katikati zimesimama stameni sita, yaani sehemu za kiume za ua. Kila stameni ina kifuko kirefu cha chavua juu, na chini yake uvimbe wa manjano au rangi ya chungwa, kama kipande kidogo cha embe. Kifuko hakipasuki kama cha maua mengi. Chavua hutokea kwenye upenyo mdogo nchani, kama chumvi kwenye kichupa.

Kuitoa kunahitaji mtikiso. Nyuki wa asali hawezi. Anayeweza ni nyuki wa hapa, wa jenasi Amegilla, mwenye tumbo jeusi lililofungwa mikanda ya buluu inayong'aa. Huja akivuma chini chini, analikumbatia ua, anakaza misuli ya mabawa bila kuyapiga, na mwili wake wote unatetemeka. Mlio hubadilika ghafla, unakuwa mkali na mwembamba, kisha chavua inamwagika kifuani mwake. Kichaka kimoja kikiwa na maua, utausikia mlio huo kabla hujamwona mwenyewe. Ukiwa na nyanya na biringanya karibu ndiyo faida zaidi, kwani maua yake nayo hutaka mtikiso huo huo.

Nyuki huyu haishi kwenye mzinga. Kila jike huchimba tundu lake mwenyewe kwenye udongo mkavu wa mfinyanzi au ukuta wa matope. Nami nilimtengenezea: tofali lenye tundu, nikalijaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, nikatoboa kwa penseli vishimo vichache, nikaliweka chini ya upenu pasipofika mvua na panapopata jua la asubuhi. Usipulize dawa ya wadudu kwenye bustani hiyo. Hakuna mdudu wa dianela anayestahili dawa hiyo.

Matunda huliwa na ndege, na mijusi mikubwa yenye ulimi wa buluu hujificha chini ya majani na kula yaliyoanguka. Mjusi huyo hana sumu, mwache. Kwa watoto, sheria ya nyumbani kwangu ni moja: hakuna kula. Wenyeji wa asili hula matunda ya baadhi ya dianela, lakini wao wanajua ni ipi, na matunda ya aina tofauti yanafanana sana kwa macho ya mtu mgeni.

Kupogoa, na maradhi

Vikonyo vilivyokwisha kuzaa kata mwisho wa kiangazi. Majani makavu yachomoe kwa mkono ulio na glavu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, kichaka kikichakaa, kikate chote mwishoni mwa Agosti, ubakishe sentimita 15. Kinatisha kukitazama wiki za kwanza, kisha kinarudi.

Majani yakitokea madoa ya rangi ya kutu, ni ukungu; kata yaliyoathirika, usimwagie maji juu ya majani, punguza msongamano hewa ipite. Konokono hutafuna miche michanga tu, waokote usiku kwa tochi. Majani yakipauka kuanzia chini, chimbua kidogo unuse mizizi: ikinuka, tatizo ni maji, rudi kwenye tuta.

Kugawa na kuotesha

Njia ya uhakika ya kuongeza dianela ni kugawa, na ndiyo njia pekee kwa zile zilizochaguliwa na wakuzaji, kwa sababu mbegu hazitoi mmea unaofanana na mama. Subiri kichaka kifikishe miaka mitatu. Mwisho wa kipupwe, kichimbue chote. Chini utaona matunguu yanayotambaa kama ya tangawizi. Yakate kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na upepeo wa majani na mizizi yake. Punguza majani kwa nusu, panda mara moja, na usiache udongo ukauke kwa wiki sita. Kichaka kimoja kizuri kinatoa vipande sita hadi kumi.

Mbegu ni za mwenye subira. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaminye kwenye bakuli la maji, osha nyama yake. Ndani utakuta mbegu nyeusi zinazong'aa. Zipande zingali mbichi kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, zifunike kidogo tu, weka kikopo kivulini. Nyingine huota baada ya wiki kadhaa, nyingine hungoja nusu mwaka na zaidi. Usimwage kikopo. Changu cha mwaka juzi nilikisahau nyuma ya tangi la maji kuanzia Februari. Oktoba nilikuta ndani vijani vitatu vyembamba kama sindano, vimekunjwa katikati, kimoja kimemkumbatia mwenzake.